Mama Shibe na Tope la Chini ya Vizimba

Mkono wa birika hakuwa nao, jamani. Mgeni akibisha kwake huondoka akishika tumbo, na samaki wake katika vizimba vya baharini aliwalisha vivyo hivyo. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Shibe. Vizimba aliachiwa na marehemu mumewe. Kingine cha kushika hakuwa nacho.

Juma moja samaki walianza kupanda juu alfajiri, midomo wazi. "Njaa hiyo!" akasema, akawamwagia ndoo nzima. Kesho yake wakapanda wengi zaidi, naye akaongeza. Ungemwambia nini? Miaka yote mdomo wazi kwake ni njaa tu.

Mdogo wa marehemu, mpiga mbizi anayemshonea nyavu zikichanika, akazama kutazama. Aliibuka na bomba la plastiki alilolichomeka chini, limejaa tope. Tope jeusi tii, juu yake utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, na uvundo wa yai viza.

"Shemeji, hawa wana njaa?"

"Kwani huoni midomo?"

"Wanatafuta pumzi! Chakula chako kinazama. Huko chini kulikuwa na minyoo, na vijidudu vya kula mabaki taratibu. Umevizidishia. Vimekula mpaka vikamaliza hewa, minyoo imekufa, sasa vimetamalaki vile visivyohitaji hewa. Ndivyo vinavyotoa uvundo huu, na sumu yake inawapandia samaki."

Mama Shibe akaweka ndoo chini. "Yaani ni mimi? Mimi ndiye..."

"Tuvivute vizimba tuvipeleke kwenye mkondo, maji yenye hewa. Naenda kuomba boti ya injini. Usiwape kitu, shemeji. Hata punje!"

Akabaki peke yake juu ya jukwaa la mbao kando ya vizimba. Upepo hakuna, maji yametulia tuli. Samaki walipoona kivuli chake wakamjia wote, midomo inafunguka, inafumba. Roho ilimuuma kuliko siku ya msiba, wala sitii chumvi. Mkono ukaingia ndooni wenyewe. Akautoa. Akafunika ndoo, akaikalia.

"Msinitazame hivyo, wanangu," akasema huku analia. "Chakula ninacho. Hewa ndiyo sina."

Boti ilipotokea, wale waliokuwa karibu naye zaidi walikwisha kugeuka matumbo juu, midomo ingali wazi.