Kobe Mwenye Alama ya Kata

Harufu ya gunia lililolowa hunirudisha shimoni, sakafu ya chini ya Soko la Kariakoo, ambako baba yangu aliuza viazi vitamu kwa jumla. Kila jioni alirudi nyumbani akinukia hivyo: udongo mbichi, katani na jasho. Kule shimoni mizigo ya watu wengi hushushwa kwa pamoja, kwa hiyo kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake, aliyoipaka kwa rangi juu ya magunia ili wachukuzi wasichanganye. Mmoja alikuwa na nyota, mwingine herufi mbili za jina lake. Ya baba ilikuwa duara jekundu lenye mkia, na nyumbani tuliiita kata, kwa sababu ilifanana na ile kata ya kifuu tuliyochotea maji mtungini. Baba hakuwa msemaji, ila neno moja alipenda kulirudia: mzigo wenye alama haupotei, mwenyewe atakuja kuuchukua.

Nilikuwa na miaka minane aliporudi siku moja na kobe. Alimkuta ndani ya gunia, katikati ya viazi, amejikunja kimya kama kiazi mwenzao. Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili karibu na Mtaa wa Msimbazi, nyumba yenye korido katikati na ua wa udongo nyuma, na wapangaji wote walimcheka baba kwa kutuletea mdomo mwingine wa kulisha badala ya kitoweo. Mimi nilimpenda kobe yule papo hapo. Tulimwita Bi Harusi kwa namna alivyotembea, hatua moja leo na nyingine kesho, kichwa chini, kama anayeogopa kukanyaga gauni. Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nikitoka shule nilipita sokoni kuokota majani ya kabichi na mchicha uliosinyaa. Siku nilizokosa, bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa ghorofani ng'ambo ya barabara aliniteremshia maganda ya mboga kwa kikapu chake cha kamba, kilekile alichonunulia mikate bila kushuka ngazi. Watoto wenzangu walikuwa na wanasesere, mimi nilikuwa na kobe, na niliringa kwelikweli.

Kisha mwenye nyumba akauza. Nyumba za namna yetu zilikuwa zinaangushwa mojamoja kupisha maghorofa, na zamu yetu ilikuwa imefika. Baba alipata chumba ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge, sakafu ya saruji kila upande, bila ua, bila hata kiganja cha udongo. Nikasema Bi Harusi atalala chini ya kitanda changu. Mama akaniuliza kama nitamlisha saruji. Nililia, nikagoma kula, nikatishia kuhamia sokoni, lakini uamuzi ulikuwa umepita: Idi pili, badala ya kwenda kupanda bembea Mnazi Mmoja kama kila mwaka, tutakwenda bustani ya wanyama nje ya mji, na Bi Harusi atabaki huko, penye majani na kobe wenzake.

Rafiki wa baba alitupakia katika pikapu yake ya nazi. Mama alivaa kitenge kipya na kubeba hotipoti ya pilau. Mimi nilivaa gauni la Idi lenye marinda, nimepakata kapu la ukili lenye kobe ndani, nimeapa moyoni kwamba sitamtazama mnyama yeyote wa bustani ile. Lakini macho hayana pazia. Nilimwona simba, amelala na kutupa mgongo kana kwamba tulikuwa tumemkosea. Nilimwona mbuni akitukagua kutoka juu, shingo kama ya mwalimu wa zamu. Kwenye kizimba cha tumbili, mkono mmoja ulitoka kati ya nondo ukanyakua sambusa mdomoni mwa mama, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, alicheka mpaka akamwegemea baba. Nami nikacheka. Kisha nikahisi kapu likisogea mapajani, nikakumbuka kilichotuleta, na nikajichukia kwa kicheko kile.

Mtunzaji wa kobe alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mabuti ya mpira. Alimpokea Bi Harusi, akamgeuza, akamtazama tumbo, akatuambia kwamba huyu ni dume. Mama alitazama pembeni, akiuma mtandio asicheke tena. Mtunzaji akamweka chini, naye akajiendea zake kwenye majani bila kugeuka nyuma. Mle ndani mlikuwa na kobe kumi au zaidi, wote wa rangi moja, na ndipo nilipoelewa jambo lililonitia hofu kuliko kuachana: nikirudi kesho sitamtambua. Nilianza kulia kwa sauti, gauni la Idi na yote.

Baba aliingiza mkono mfukoni akatoa kikopo cha rangi nyekundu na brashi fupi, vilevile vya shimoni. Aliruka ukuta mdogo, akachuchumaa juu ya majani kwa suruali yake ya Idi, akachora kata juu ya gamba la Bi Harusi, taratibu, kama alivyochora juu ya gunia. Mtunzaji akalalamika kwamba rangi si nzuri kwa mnyama. Baba alimaliza kwanza mkia wa kata, akaupulizia ukauke, ndipo akaomba radhi. Kisha akaniambia, "Huyu sasa ni mzigo wako, na una alama."

"Tutakuja kumchukua lini?" nikamuuliza.

"Tukipata ua."

Ua hatukupata. Tulihama ghorofa hii kwenda ile, na kila Idi nilipomwomba anipeleke walau kumwona, alisema tutaona, au kazi ni nyingi. Mama, Mungu amrehemu, alinikumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumhukumu baba. Nilijiambia kwamba amesahau, kwamba alama ile ilikuwa pipi ya kunyamazishia mtoto anayelia. Nikaacha kuomba. Hasira ya mtoto wa mtu mkimya nayo huwa kimya, na ya kwangu ilidumu mpaka nikawa mtu mzima.

Idi pili ya mwaka huu nilimpeleka binti yangu kwenye bustani ileile. Siku hizi pana mgahawa, watu wanapanga foleni kupiga picha na chatu shingoni, na watoto wanamtazama simba kupitia simu ilhali simba mwenyewe yuko mbele yao. Baba, ambaye sasa anaishi nami, alikataa kuja kwa sababu ya miguu. Kwenye uga wa kobe nilisimama tu kwa mazoea ya huzuni. Na hapo, chini ya kichaka, nikaiona kata. Haikuwa doa la miaka thelathini iliyopita. Ilikuwa rangi nene, tabaka juu ya tabaka, kama mlango wa duka la zamani. Mtunzaji, mwingine huyu, mwenye mvi, aliniona nimepiga magoti akanisogelea.

"Huyo ana mwenyewe, dada," akaniambia. "Kuna mzee alikuwa anakuja kila mwaka baada ya Idi. Anamletea kabichi, anakaa naye, na tukizubaa tu, anapaka rangi. Tumemkataza mpaka tumechoka. Ni kama miaka miwili hajaja, tukajua ametangulia."

Tunakaa Kariakoo hiyohiyo, ghorofa ya sita, na ninakadiria kwamba ua wetu wa zamani uko chini ya maegesho ya jengo la jirani. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Nilimwambia kwamba Bi Harusi hajambo. Alitazama barabarani, kisha akauliza kama bado anapenda kabichi. Nikamwuliza kwa nini hakunichukua hata siku moja.

"Ningekuchukua, ungeniuliza tunamchukua lini," akasema. "Sasa ningekujibu nini, mwanangu?"

Niliishika miguu yake iliyovimba, nikalia kama siku ile ya gauni la marinda. Miaka yote ile nilidhani mzigo wangu umetupwa, kumbe mtu alikuwa akiulinda kwa niaba yangu, peke yake, kwa brashi ya magunia. Binti yangu alitutazama kwa zamu, hakuelewa kilio, ila habari ya kobe alikuwa ameielewa vizuri sana. Akanivuta mkono akaniuliza tutakwenda kumchukua lini.

Baba akanitazama. Nikasikia kinywa changu kikijibu, "Tukipata ua."