Walivyonishika Mkono Kimbiji

Kikundi chetu cha jogging kina sheria moja ambayo Temeke yote wanatujulia: tumetoka wote, turudi wote. Waliotangulia wakifika hawakai kitako. Wanageuka, wanamrudia wa nyuma, wanamzunguka na kumwimbia mpaka amalize. Wageni wakiona wanalengwalengwa na machozi. Hata mie nilijiunga kwa ajili ya sheria hiyo, wakati huo nina sukari ya kupanda na duka la kanga ninaloshinda nimekaa.

Nilikuwa nimefiwa na mume. Anayejua ujane wa huku kwetu anajua ninachosema. Tangu siku ile sikuachiwa kitu nikifanye mwenyewe. Kaka zangu ndio wanaoongea na wenye mzigo Kariakoo, mkwe ndiye anayenibebea marobota, na nikinyanyua hata ndoo mtu ananipokonya. Ni mapenzi, sikatai. Lakini mapenzi nayo yanachosha jamani, basi tu hayasemeki. Nikataka kitu kimoja nikianze mwenyewe na nikimalize mwenyewe, nikaamua kiwe marathoni. Kamili, kilomita arobaini na mbili. Kaka zangu waliposikia walinuna, wakasema mwanamke wa heshima mwenye duka lake hakimbiikimbii barabarani. Nikawaacha na mnuno wao.

Mwenyekiti wetu ni kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Hajawahi kunipita bila shikamoo, na hilo namshukuru. Akatutangazia kwamba mbio ndefu ya mwisho, kabla ya zile wiki za kupunguza mazoezi ili miguu ipumzike, tutaikimbilia Kimbiji, kwenye njia za mashambani. Atakayemaliza kwa miguu yake ataandikishwa marathoni kamili, atakayeshindwa ataandikishwa nusu. Kisha akanigeukia. "Mama, wewe lakini si lazima ujitese."

"Mtu mzima hatishiwi nyau," nikamwambia. Watu wakacheka, naye akacheka.

Tulianza alfajiri. Kimbiji kuna mchanga usio na huruma: unakanyaga mguu unazama, unauvuta unaona umebaki palepale. Ukitoka kwenye mchanga unaingia kwenye mikorosho, vijia vyembamba vyenye mizizi, halafu vilima ambavyo ukiviangalia kwa mbali unavidharau. Jua lilipopanda, chumvi ya jasho ilinikaukia usoni na mtandio ukanigandia shingoni. Mara mbili pikapu ya kikundi iliyobeba maji ilisimama ubavuni mwangu. "Mama, panda." Sikupanda. Mara ya pili sikujibu hata, nilipokea maji nikaendelea. Paja la kulia lilikuwa linawaka moto, nikawa nalitukana kimoyomoyo matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenitia pilipili mdomoni. Nikapiga moyo konde.

Mbele yangu kidogo alikuwepo kijana mmoja anayefanya kazi benki. Huyo alikuwa ametapika mara kadhaa njiani na anayumba waziwazi. Ikabaki kama kilomita moja, nikawaona wenzetu wanarudi na nyimbo zao. Walimfikia yeye kwanza. Wakamzunguka, wakamwimbia, wakampigia makofi. Hakuna aliyemgusa. Niliona kwa macho yangu.

Wakanifikia mie. "Mama yetu! Mama yetu!" Wawili wakanidaka mikono, mmoja kulia, mwingine kushoto, na wa tatu akaniwekea kiganja mgongoni.

"Niacheni," nikasema. "Niko sawa."

"Mama, usione aibu," akasema yule wa kulia, akazidi kunikaza.

Nilijaribu kuuchomoa mkono, ukagoma. Na utamkung'uta vipi mtu anayekuimbia? Utaonekana huna shukrani, utaonekana mama mzima hujafunzwa. Nikatulia. Wakanipeleka hivyohivyo mpaka mwisho, miguu yangu inakimbia lakini mwendo ni wao.

Nikakalishwa kwenye kiti, nikaletewa bakuli la supu, nyama wamenichagulia ile laini. Mwenyekiti akasimama. Akamsifu kila mtu. Akasema kijana wa benki ni mwanaume kwelikweli, ameumwa na amemaliza, ataandikishwa kamili. Halafu sauti yake ikawa ya upole.

"Na tumpigie makofi mama yetu, ametufundisha moyo. Ila tuwe wakweli jamani, mwishoni tulimshika mkono. Kwa usalama wake tutamwandikisha nusu."

Makofi yakapigwa. Nikasubiri yaishe.

"Nani aliwaita mnishike?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, ndio utaratibu wetu. Hatumwachi mtu."

"Huyu mbona hamkumshika?" Nikamwonyesha kijana wa benki, naye akainamia supu yake.

"Mama, huyu ni kijana. Wewe ni mzazi wetu, tunakuheshimu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia. Nikaliweka bakuli chini.

Nikatembea mpaka kwenye mkorosho waliponidakia. Miguu ilikuwa imeshakakamaa, nilikuwa nachechemea. Nikageuka, nikakimbia kile kipande peke yangu, mtandio mkononi, nikihema na kulia kwa hasira. Nilipofika walikuwa wanafunga masufuria kwenye pikapu. Baadhi walinitazama, baadhi walijifanya wana kazi. Mwenyekiti alinijia na chupa ya maji, akanifungulia yeye mwenyewe kifuniko.

"Shikamoo mama," akasema, kana kwamba ndio kwanza tunaonana. "Lakini hii haihesabiki. Umeshapumzika, umeshakula."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mbio zangu walikuwa wameshazichukua, na hakukuwa na pa kuzidai. Nikanywa maji yake. Nikasema marahaba.

Jioni nilijilaza kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Binti yangu ninayeishi naye akaja na simu yake, uso unamng'aa. Video ilikuwa imewekwa kwenye grupu la kikundi. "Mama, njoo ujione. Walivyokushika, wallahi inapendeza."

Nikaangalia. Ilikuwa ni ile kilomita ya mwisho, nyimbo, vumbi, vijana wawili na mie katikati. Na kwenye video nilikuwa nacheka. Meno yote nje. Nilipowatukana moyoni, uso wangu ulikuwa unafanya adabu peke yake bila mie kujua. Ukiitazama ile video utaapa kwamba huyu mama aliomba kushikwa.

"Ifute," nikamwambia.

"Kwa nini mama? Umependeza," akasema. "Na nimeshawatumia wajomba wote."