Siku Mama Aliponiona Nikila

Kila mwandishi anayekuja kunihoji lazima aulize kama mama yangu aliwahi kuona kipindi changu. Wanauliza huku wanatabasamu, wanataka niseme alilia kwa furaha. Huwa nawajibu kwa mkato: ndiyo, alikiona mara moja. Halafu nahamishia mazungumzo kwenye mapazia. Leo naisema yote, nimechoka kuulizwa.

Kazi hii sikuianzia Dar es Salaam kama wanavyoandika magazetini. Niliianzia Kashaulili, pale Mpanda mjini, nikioka keki za harusi ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa ya moto juu ya mfuniko. Nilisuka maharusi, nikapamba kumbi kwa vitenge vya kuazima na maua ya karatasi. Watu walinicheka, eti mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi anafundisha wenzake kuishi vizuri! Wacheke tu, wateja nilipata. Nilipohamia Dar, miaka ile ya tisini televisheni zilipoanza kuchipuka, kituo kimoja kilikuwa kinatafuta mtu wa kipindi cha mapishi na mapambo ya nyumbani. Nikapewa Jumamosi. Kipindi kikaniletea jina, jina likafungua duka la mapambo, nikawa mtu mbele za watu.

Mama hakuwa na habari na hayo. Alikuwa kijijini Mwamkulu, nje ya Mpanda, kwa kaka yangu, analima mpunga, na matangazo yetu hayakufika Mpanda hata ungepandisha antena juu ya mnara wa kanisa. Alichosikia ni maneno ya sokoni: binti yako anauza sura mjini. Kila nilichomtumia alikifunga kwenye kitambaa, hakukigusa. Basi akaota uvimbe shingoni. Daktari akasema asicheleweshwe, apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Mama akagoma. "Sitibiwi kwa pesa ya kazi nisiyoijua," alimwambia kaka. Kaka akanipigia simu kutoka posta, mtu mzima analia.

Nikasema ala! Kama tatizo ni kuiona kazi, ataiona. Atakubali, tutapanda treni ya Tabora pamoja, atapasuliwa, atapona. Niliomba kanda moja ya video pale kituo cha televisheni. Kulikuwa na kipindi cha kushona mapazia, kulikuwa na cha kutandika kitanda cha mgeni. Mimi nikachagua kile nilichopika sombe, kisamvu chetu kile, kwa mawese na samaki wa migebuka, vilevile kama mama alivyonifundisha. Niliona hakuna kitakachomgusa kama hicho.

Kashaulili kulikuwa na kibanda cha video chenye jenereta. Nilikubaliana na mwenyewe atuachie Jumapili baada ya ibada, mimi, mama na kaka tu. Mshenzi yule akatangaza mtaa mzima! Tulipofika mabenchi yamejaa, kwaya nzima imo na sare zake, wauza dagaa, hata watu waliokuwa wanadaiana wamekaa bega kwa bega. Mama akapewa benchi la mbele. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kujifunga kitambaa shingoni kuficha uvimbe.

Nilipotokea kwenye kioo, alinishika mkono kwa nguvu. "Ni wewe!" Alinitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. Nikaanza kupika, naye akaanza kunikosoa kwa sauti, "Mawese hayo kidogo, ongeza! Moto huo mkubwa, unaunguza!" Watu wakaangua kicheko na yeye akacheka nao. Jamani, nilifurahi. Sikuwa nimemwona akicheka tangu nilipoondoka. Kaka alininong'oneza kuwa mama tayari amekubali, kilichobaki ni kufunga mizigo.

Sasa, mwisho wa kipindi mtangazaji lazima aonje. Ndiyo kazi yenyewe. Mtayarishaji anataka uso wako ujae kioo kizima: unafungua mdomo, unatafuna, unafumba macho, unameza, unatabasamu. Nikafanya hivyo, mbele ya mama yangu na Kashaulili nzima.

"Mawe!" Mama alimwita mama yake kwa Kirundi. Akajifunika kitenge usoni, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, halafu akanyanyuka akatoka. Watu walidhani amezidiwa na furaha. Wakapiga makofi.

Asiyelelewa na wazee wetu ataona upuuzi. Kwa mama, mtu mzima hali chakula mbele ya watu. Kula ni jambo la ndani, kama kuoga. Mgeni akipiga hodi wakati wa chakula, bakuli linafunikwa, midomo inafutwa, ndipo anakaribishwa. Mimi nimekulia Mpanda, nimekula shuleni sahani moja na watoto wa Kisukuma na wa Kifipa, mambo hayo yalishanitoka. Na ningejuaje kwamba kioo nacho ni mbele ya watu?

Nilimkuta nyuma ya kibanda, karibu na jenereta, ikabidi tupige kelele ndipo tusikilizane.

"Baba yako amekufa hajawahi kuniona nikitafuna," alisema. "Wewe unatafuna mbele ya watu ambao hata huwajui. Na hukumkaribisha hata mmoja."

"Mama, ni kazi! Hawapo pale, wapo majumbani kwao!"

"Ndiyo, unakula mbele ya majumba yao yote."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye tope la oili, na nguo yangu ya Dar. Nikamfokea pia, nikamwambia atakufa kwa ushamba. Aliniangalia bila hasira. Akasema afadhali ningekuwa kweli nauza sura, hiyo angeweza kuinyamazia; kupona kwa pesa ya kinywa changu hawezi. Treni ilipoondoka niliipanda peke yangu. Jumamosi nilipika pilau, mtayarishaji akasema onja, nikaonja. Hadi leo sijaona kosa langu, na hadi leo nimebaki nalo.

Niliitwa tena mvua zilipoanza. Uvimbe ulikuwa umebana koo, mama hakuweza kumeza ila uji mwepesi, na wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa akimnywesha. Nikaingia na bakuli mwenyewe. Si mimi mwanawe? Si mimi nafundisha nchi nzima kulisha wagonjwa na wageni? Mama alifumba mdomo. Nikambembeleza, akageukia ukutani. Wifi akanishika bega, akaniambia taratibu, kwa aibu, "Wifi, naomba utoke. Anasema wewe umezoea watu kutazamana wakila, yeye hawezi."

Nikatoka. Asubuhi na jioni nilikaa nje kwenye kigoda, mvua ikinipiga, ili mama yangu apate kula. Siku moja wifi alitoka mapema kuliko kawaida, uji umejaa vilevile kama alivyoingia nao. Alinipita akaenda kuumwaga, kisha akarudi ndani kumfunika mama uso.