Dawa ya Soja

Daktari wa upasuaji alipotoka thieta, alivua barakoa, akamtazama Linah, kisha akauliza, "Nyumbani mna mbwa?"

Linah alidhani hakusikia vizuri. Kipketer, mume wake, alikuwa ameingia mle ndani asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, akimtania muuguzi juu ya gauni la kijani lililomwacha mgongo wazi. Kilichomleta hospitali ni uzito tu chini ya mbavu za kulia, kama mtu aliyekula akavimbiwa. Sasa daktari alikuwa akimweleza kwa sauti ya chini kwamba ndani ya ini walikuta kifuko cha maji, kikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na kwamba kilikuwa kimeanza kupasuka kabla hawajakifikia. Mwili ulishtuka. Moyo ukasimama, wakaushughulikia, ukakataa.

"Kinaletwa na tegu, mnyoo wa mbwa," daktari alisema. "Mdogo sana, humwoni kwa macho. Mayai yake hutoka na kinyesi, yanashika manyoya, yanashika mikono. Mtu anameza bila kujua. Huenda alikaa nacho miaka mingi. Kinakua polepole na hakiumi."

Hilo la kutouma ndilo lililomfuata Linah mpaka nyumbani Kiamunyi.

Mbwa alikuwepo. Jina lake Soja, dume la rangi ya kahawia lenye sikio moja lililochanika. Kipketer alimleta akiwa mtoto wa kubebwa ndani ya koti. Juma zima Kipketer alikuwa Mau Narok, alikofungua bucha na mdogo wake Kipngetich, na Jumamosi jioni alikuwa akirudi na mfuko wa plastiki uliojaa mapafu na maini yaliyotupwa kichinjioni. Hakuwahi kufika mlangoni kabla ya kuufungua. Alichutama pale pale uani, akamrushia Soja kipande baada ya kipande, akamkuna shingo, akamwacha amlambe vidole. Kisha aliingia ndani, akaketi, akavuta sahani ya ugali.

Baada ya mazishi Soja aliendelea na Jumamosi zake. Jua likianza kushuka aliinuka penye kivuli cha tangi la maji, akaenda getini, akatikisa mkia. Si kwa kelele. Alitikisa tu, akiangalia mahali pa kimo cha mtu, halafu akageuka na kutembea kurudi uani polepole, kichwa juu, kama anayemsindikiza mtu. Jirani mmoja aliyekuja kuchukua sketi aliyoshonewa na Linah aliona jambo hilo mara moja tu, akaacha sketi juu ya cherehani na kusema atatuma mtu.

Linah hakuogopa mbwa kuona alichokiona. Alichoogopa ni mkono wake mwenyewe. Akiwa anapiga pasi au anapima kiuno cha mteja, alishtukia mkono wa kulia umejiendea chini ya mbavu, unabonyeza, unasikiliza. Hapakuwa na maumivu. Akabonyeza tena.

Kipngetich alishuka kutoka Mau Narok siku ya kugawana vitu vya marehemu. Alichukua redio na buti, akaacha koti jeupe la bucha likining'inia nyuma ya mlango, hakuligusa. Alipokuwa akitoka alisimama mbali na Soja.

"Shemeji, huyu mbwa auawe."

"Auawe kwa nini?"

"Unauliza kwa nini? Si uliambiwa hospitali? Nitakuja Jumapili na kamba. Wewe huhitaji kuona."

Linah alijaribu kukubali. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na kila alipomtazama Soja alimwona ametulia, ametazama mlango, hana habari kwamba ana kosa. Na nani angeweza kuapa kwamba ni yeye? Miaka mingi, daktari alisema. Kabla ya Soja kulikuwa na mbwa mwingine, na kule kichinjioni mbwa walizunguka hawana idadi.

Kabla ya Jumapili kufika alishuka hadi duka la dawa za mifugo lililo karibu na soko. Mwenye duka alikuwa Farah, mzee wa ndevu zilizopakwa hina, aliyesomea utabibu wa wanyama na ambaye Kipketer alinunua dawa kwake kwa miaka.

"Pole sana, mama," Farah alisema. "Nilisikia."

"Daktari, mume wangu alikuwa anampa mbwa dawa ya minyoo. Nilimwona kwa macho yangu. Sasa hiyo minyoo ilitoka wapi?"

Farah alishusha kutoka rafuni kichupa cha dawa nyeupe ya maji, ile ambayo nusu ya Nakuru hunyweshea mbuzi. "Alikuwa anachukua hii. Anaweka kwa uji wa mbwa kwa kukisia. Nilimwambia, Kipketer, hii ni ya mbuzi. Akasema dawa ni dawa." Akaweka kando yake pakiti ndogo ya unga. "Hii nayo ni ya shilingi hamsini. Inatoa ile minyoo mirefu ya watoto wa mbwa, unaiona imetoka, unafurahi. Tegu yule haimgusi."

"Na inayomgusa?"

Akafungua kabati la kioo, akatoa vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja. "Hii. Inaenda kwa uzito. Kidonge kimoja kwa kilo kumi, na kila kidonge ni mia mbili. Unarudia kila wiki sita. Siku mbili za kwanza mfunge, choo chake chote uchome au uzike chini sana, na uvae glavu. Na asipewe tena nyama mbichi ya ndani, hata kipande. Ukimpa hiyo, mama, unatupa pesa yako kwa choo."

Linah alitazama zile dawa tatu juu ya kaunta. Hakuweza kuondoa macho kwenye kichupa cheupe. Kingine kama hicho kilikuwa bado nyumbani, nusu yake, kwenye dirisha la jikoni, na alama ya kidole cha Kipketer kwenye vumbi la kifuniko.

"Nitakuwa na uhakika gani kwamba imefanya kazi?"

"Uhakika ni kazi ya Mungu. Wewe rudia tu kila wiki sita."

Hakujua uzito wa Soja, na kukisia hakutaka tena. Alimfunga kamba akamvuta hadi kwa mama wa viazi pale njia panda, mwenye mizani ya kuning'iniza magunia. Walimtia mbwa ndani ya gunia tupu, kichwa kikatokeza, akaning'inia kimya akitazama watu wakicheka. Kilo ishirini na nane. Linah pekee hakucheka. Alirudi kwa Farah akanunua vidonge vitatu, na pesa hiyo ilikuwa ya uzi na bitana za juma zima.

Jioni ile alivaa glavu za mpira, akaficha vidonge ndani ya donge la ugali uliolowekwa mchuzi, akamnyooshea Soja. Mbwa alinusa. Akala. Kisha akanyoosha ulimi ili amlambe vidole, na Linah akaruka nyuma akapiga ukelele kana kwamba ameunguzwa. Soja alilala chini papo hapo, tumbo juu. Alikuwa hajawahi kupigiwa kelele katika nyumba ile.

Jumapili Kipngetich alifika na kamba kama alivyoahidi. Alimkuta mbwa amefungwa nyuma ya choo na shimo limechimbwa, lina majivu.

"Nimempa dawa," Linah alisema. "Ile ya kweli."

"Dawa! Ndugu yangu yuko chini ya udongo na wewe unalisha mbwa dawa ya mia sita?"

"Alikula nini huyu mbwa, shemeji, alichojiletea mwenyewe? Alipewa kwa mkono. Ukimuua leo, kesho utaua wangapi kule kichinjioni?"

Kipngetich alipiga hatua kuelekea nyuma ya choo, akasimama. Mkono mmoja ulishika kamba. Mwingine, Linah aliuona, ulikuwa umejiendea wenyewe chini ya mbavu za kulia.

Aliujua mkono ule.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kipngetich aliketi juu ya tofali, kamba magotini. "Tangu tumzike. Nasikia kitu. Nikilala nakisikia kinageuka. Nimeona nikimuua huyu mbwa kitanyamaza."

"Mimi sisikii kitu," Linah alisema. "Na ndiyo maana naogopa zaidi."

Jumatatu walikwenda pamoja hospitalini mjini kupigwa skani. Kipngetich aliingia kwanza, akatoka anafuta mafuta ya kupimia tumboni, hajui acheke au alie. Ini lake lilikuwa safi. Walisema huenda ni asidi na vidonda vya tumbo, wakamwandikia dawa na kumkanya pombe. Halafu akaingia Linah. Mpimaji alipitisha kifaa juu ya ngozi yake mara moja, akarudi nyuma, akakibonyeza hapo hapo, na maneno yake ya mazoea yakakatika.

Kifuko kilikuwa kidogo, kama zabibu. Daktari alimwambia amekiwahi, kwamba kwa ukubwa ule hawakati, wanatibu kwa vidonge kwa miezi huku wakipima damu na ini. Linah aliomba kugeuziwa kioo. Aliona doa jeusi la mviringo, kingo zake laini, limetulia mahali pake. Alifikiri juu ya vitu vyote vya Kipketer vilivyogawanywa, redio na buti, na akaona kwamba hiki kimoja kilikuwa hai, kimekaa naye mezani kimya miaka yote ile, kimetoka pengine kwenye ugali ule ule walioumega sahani moja. Hakumwambia mtu wazo hilo.

Kipngetich alirudi Mau Narok akachimba shimo nyuma ya kichinjio, akaanza kutupa humo mapafu na maini yenye vifuko na kuyachoma. Wenzake walimcheka, wakamwita daktari. Kila baada ya majuma machache alituma pesa ya vidonge vya Soja, bila neno, na aliposhuka kumtembelea shemeji yake alikaa upande ule ule wa uani alikolala mbwa.

Baada ya miezi sita ya dawa skani ilionyesha kifuko kimesinyaa, ukuta wake umejikunja.

"Kimekufa?" Linah aliuliza.

"Bado siwezi kusema hivyo," daktari alijibu. "Tutaangalia tena."

Alivaa viatu, akashukuru, akatoka nje kwenye jua la saa sita. Alipitia kwa Farah kwanza, kuchukua vidonge vitatu vya Soja.