Blade za hacksaw nilizochagua vibaya, na fundi niliyemsingizia mkono mzito

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita kimya, miaka na miaka. Leo nimeona kijana ameuliza anunue vifaa gani vya kukata chuma ili aanzishe karakana nyumbani, na nyote mmemrukia na majina ya grinder.

Sawa. Mimi nina jibu lingine. Ni refu na linaniaibisha. Sitatia chumvi, kwa sababu kama ni kutia chumvi ningejipamba, na humu ndani sijapendeza mahali popote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Kawangware hapa Nairobi, upande wa kituo cha basi la 46. Baba yangu alikuwa na ploti pale, vyumba vya mabati vya kupangisha, na nyuma palikuwa na uwanja mdogo. Akaniambia, "Karanja, wewe umesoma mambo ya chuma. Fungua kazi hapo."

Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja tu, na nusu ya mwaka huo nilikuwa nacheza mpira. Lakini ukiwa mtoto wa mwenye ploti, mwaka mmoja unatosha kuitwa mtaalamu.

Fundi wa kweli alikuwa mpangaji wetu, Mutua, mtu wa Machakos. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mimi ishirini na mbili. Mtu mpole. Alikuwa anaweza kuangalia pipe kwa jicho tu akakwambia imepinda wapi. Tukakubaliana: yeye kazi, mimi vifaa na wateja.

Hapo kwa vifaa ndipo nilipojiona bwana.

Stima haikuwa imefika kwetu, kwa hivyo msinitajie grinder. Kila kitu kilikuwa cha mkono. Nikaenda duka moja la vyuma mjini na suti ya kuazima (ndiyo, suti, kununua misumeno). Nikachukua vice moja ya kubana chuma, tupa mbili, patasi, mkasi wa bati na fremu mbili za hacksaw, ule msumeno wa mkono wa kukatia chuma.

Muuzaji akaniuliza nataka blade za meno mangapi kwa inchi: kumi na nane, ishirini na nne, au thelathini na mbili.

Sikujua. Ningemuuliza tu, "Hizi zina tofauti gani?" Ningemaliza kila kitu pale. Lakini na suti ile ningemuulizaje? Nikawaza msumeno wa mbao, nikaona jino kubwa ndilo linakata haraka. Nikasema, "Kumi na nane. Nipe pakiti nzima."

Mutua alipozishika alipitisha kidole kwenye meno, akasema, "Hizi si kubwa kidogo?"

Nikamwambia aniachie mambo ya vitabu.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa vitanda vya shule moja ya bweni. Vitanda vya pipe nyembamba, zile za ukuta mwembamba kama ganda la yai.

Siku ya kwanza blade tatu zilivunjika. Jino linanasa kwenye ukingo wa pipe, linang'oka, la pili linalifuata, halafu blade inakwama na kukatika mbele ya uso wako. Siku ya pili, nne. Mutua alikuwa anatoka jasho ambalo si la kazi, ni la wasiwasi.

Siku ya tatu mwalimu mkuu wa shule hiyo akaja kuangalia vitanda vyake. Baba naye akatoka kumsalimia. Wamesimama hapo wawili, blade ikalia *tak*, kipande kikaanguka karibu na kiatu cha mwalimu.

Baba akauliza, "Ni nani anavunja hivi vitu kila siku?"

Wakuu, sikufikiria hata kidogo. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni Mutua, baba. Ako na mkono mzito."

Mutua aliniangalia. Akamwambia baba, "Mzee, mimi sivunji makusudi. Nitajaribu kulegeza mkono."

Nanyi mnajua mtaa. Kufika jioni kila mtu kuanzia kwa kinyozi hadi kanisani alikuwa amesikia kwamba fundi wa Karanja ana mkono mzito. Kwa mtu wa kazi ya mikono, jina ndilo shamba lake. Nililichoma kwa sentensi moja.

Kilichoniuma zaidi, na bado kinaniuma, ni jinsi alivyojaribu. Alifunga kitambaa kwenye mpini. Akaanza kushika hacksaw kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kikombe cha chai moto. Akawa anakata polepole mpaka kazi ikasimama. Blade zikaendelea kuvunjika vilevile. Baba akasema Jumamosi Mutua amalize, atafutwe mwingine.

Ijumaa nikabeba vipande vilivyovunjika nikaenda mjini kumgombeza muuzaji kwamba ameniuzia takataka. Sikwenda na suti siku hiyo.

Alivitazama, akaniuliza, "Unakata nini na hizi?"

"Pipe za vitanda."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akachukua kipande cha pipe, akaweka blade juu yake, akanionyesha. Ukuta wa pipe ni mwembamba hivi kwamba unaingia katikati ya jino na jino, kwa hivyo lazima unase. Akasema inatakiwa meno matatu yakanyage chuma kwa wakati mmoja. Chuma kinene, meno makubwa. Chuma chembamba, meno madogo. Akanipa za thelathini na mbili. Hata malaika angevunja zile zako, akasema.

Jumamosi asubuhi blade mpya zilikuwa kwenye mfuko wa jaketi yangu. Mutua alikuwa anafunga nyundo yake na vitu vyake kwenye gunia. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Sentensi ilikuwa fupi tu: blade ndizo zilikuwa mbaya, si wewe.

Nikamwambia, "Haya Mutua, Mungu akusaidie."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa kumpa nafasi!

Jumatatu nilifunga blade mpya, nikakata pipe zote mwenyewe bila kuvunja hata moja. Baba akamwita jirani aje kuona. "Unaona? Mkono mwepesi wa kijana wangu." Zile za zamani nilikuwa nimezitupa chooni ili zisionekane.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilikuwa na lami kwa miaka sita. Karakana ilikua, nikaoa, nikaitwa fundi.

Katika miaka hiyo wateja walianza kunijia kutoka Kibera. Sikujua kwa nini, Kibera kuna mafundi tele. Siku moja mama mmoja aliyetaka dirisha akaniambia, "Nimetumwa na Mutua wa majiko. Amesema yeye ni wa nyundo tu, mkono wake ni mzito, kama nataka kitu kimekatwa vizuri nije kwako."

Nilimaliza kupima dirisha lake sijui vipi.

Wiki hiyo nikaenda. Nilimpata Kibera, sehemu ya Soweto, amekaa juu ya debe, anapasua pipa kwa patasi na nyundo. Karai na majiko pembeni yake. Alifurahi kuniona, akanitafutia kiti, akaagiza chai. Hakuna hacksaw hata moja pale kwake.

Nilishindwa kusema. Badala yake nikatoa hacksaw niliyokuja nayo, ina blade ya meno madogo, pamoja na kipande cha pipe, nikamwomba anikatie.

Akakataa akicheka. "Wewe, si unajua mimi nitavunja?"

"Kata tu."

Akakata. Taratibu kwanza, halafu kwa nguvu zake zote. Pipe ilianguka, ukingo wake laini, umenyooka. Akakata tena. Kisha akageuza blade, akapitisha kidole kwenye meno, na kicheko kikaisha.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaenda," nikasema. "Zilikuwa mfukoni."

Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono ninyamaze. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Akasema, "Karanja, ndugu yangu mdogo alitoka nyumbani akitaka nimfundishe chuma. Nikamkataza. Nikamwambia sisi wa kwetu tuna mikono mizito, asipoteze wakati."

"Sasa yuko wapi?"

"Anabeba mawe mjengoni."

Akachukua nyundo yake, akarudi kwa pipa. Sikualikwa kukaa wala sikufukuzwa. Nikaondoka, chai yangu nikaiacha palepale.

Kijana uliyeuliza, nunua vifaa kulingana na chuma utakachokata, si kulingana na unavyotaka kuonekana dukani. Usiogope kuuliza muuzaji swali la kijinga. Na siku kitu kikivunjika mkononi mwa mtu, kagua kifaa kwanza kabla hujamtaja mtu. Ukigundua kosa ni lako, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliokusikia mwanzo. Mimi nilisema baada ya miaka sita, tukiwa wawili tu, na mpaka baba anazikwa aliamini Mutua ndiye aliyevunja.

Wakuu, sijaleta hili mnipoze. Mafundi wa zamani mlioko humu, nisahihisheni kwa mambo ya meno kama nimekosea. Na kama kuna aliyewahi kuitwa mkono mzito akaamini, naomba atuambie alipona vipi. Nitasoma kila jibu, hata la matusi.