Picha Kumi na Nne za Wingu

Mtaani mume wangu wanamwita Mawingu, na jina limemganda. Ni mpiga picha wa pasipoti na wa watoto wanaolia kwenye kigoda cha studio yetu. Lakini mvua kubwa ikinyemelea jioni, jua likazama chini ya wingu jeusi, usimtafute. Ataacha chakula, ataacha mteja, akimbie na kamera yake. Mimi nilikuwa nacheka tu. Nawaambia majirani, "Mke mwenzangu anaishi angani."

Basi tukapata kazi ya harusi. Bibi harusi alikuwa na ombi moja. Baba yake alikuwa mahututi, hospitali imemruhusu atoke kwa saa mbili tu, na amekonda mno, hivyo hataki watu wampige picha kwa simu zao. "Kaka, nipige picha na baba. Nyingine hata zikiharibika, sawa." Mawingu akaapa.

Mzee akaletwa uani kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nimeshika taa. Upepo ukaanza, na kule magharibi anga likawaka kama mkaa uliopulizwa. Mara mzee akasimama. Jamani, alisimama mwenyewe! Akamkumbatia bintiye. Nageuka, Mawingu kawapa mgongo, kamera juu. Nikamvuta shati.

"Moja tu," akasema.

Nikavuta tena. Alipogeuka, matone yanadondoka, watu mbio, mzee ameshafunikwa koti anapelekwa garini. Siku tisa baadaye akafariki.

Binti akaja studio. Mume wangu alipomwona tu dirishani, huyoo, chumba cha nyuma. Akaniachia mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikamdanganya yule mfiwa kwa uso mkavu: "Mdogo wangu, kadi ya kamera iliingia maji. Hatukuokoa kitu."

Akanishika mkono. "Poleni, dada. Najua mmehangaika sana."

Yeye ananipa pole mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kule nyuma nikasikia kiti kikiburutwa, Mawingu akatoka, macho chini.

"Kadi ni nzima," akasema. "Nilikuwa napiga wingu."

Akamwonyesha kwenye kompyuta. Wingu, wingu, wingu. Kumi na nne, na kila moja ina saa yake pembeni. Nilisubiri atutukane. Nilitaka hasa atutukane, avunje hata kioo.

"Hizi zote ulizipiga baba akiwa amesimama?"

"Zote."

Akasogea karibu na kompyuta, akasoma saa ya picha ya kwanza, kisha ya mwisho. Akahesabu kwa vidole.

"Karibu dakika tatu," akasema. "Mimi nilidhani amesimama kidogo tu."

Akaomba tumchapishie hizo mbili, ya kwanza na ya mwisho, saa zionekane. Mawingu akashindwa hata kuwasha mashine, nikachapisha mimi. Yule binti akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante.