Miti ya Daraja Nyuma ya Jikoni

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema, usije ukadhani nilikuwa mtu mpole aliyechokozwa.

Kijito kinachopita chini ya shamba letu ndicho mpaka. Huku tuliko ni Trans-Nzoia, ng'ambo ni Bungoma. Ng'ambo ndiko iliko barabara ya Naitiri, na ndiko mama mkwe wangu alikokuwa akipandia gari kwenda kliniki ya presha kule Lugulu, kila mwezi bila kukosa. Umri umeenda, lakini ukimshika mkono kwenye daraja anakukasirikia. Daraja lenyewe lilikuwa magogo ya mkaratusi yaliyolazwa pamoja, basi.

Magogo hayo tulikuwa tunayabadilisha wenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua za Machi, kila boma lilitoa mti mmoja, na watu wa pande zote mbili wakakutana pale asubuhi na mapema. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiitisha hiyo siku. Akishatoa ile sufuria yake kubwa ya matanga na kuloweka mahindi na maharagwe, watu wanajua kesho ni daraja. Hakuna aliyemchagua kwa kazi hiyo.

Mwaka wa uchaguzi, maji yalibeba magogo mawili ya katikati. Miti mipya ilikuwa imeshakatwa, imelazwa nyuma ya jikoni yetu ikauke. Mimi nikasema hapana. Nauza mahindi Kitale, nalipa ushuru wa soko kila siku, halafu nibebe gogo kichwani kama mtu asiye na serikali? Acheni, nikawaambia, naenda ofisini.

Ofisi ya wadi walitaka barua ya chifu. Nikaleta. Wakasema haina muhuri. Nikaleta muhuri. Wakanituma ofisi za kaunti Kitale, na huko karani akafungua kompyuta akaniuliza namba ya daraja.

"Kwani daraja lina namba?"

"Kila daraja ya serikali iko na namba, mama. Hiyo yenu ilijengwa na nani?"

"Na sisi."

"Sasa si ni yenu?"

Kichwa kilichemka. Akaniambia, kwa adabu kabisa, nijaribu Bungoma, maana nusu ya kijito ni yao.

Bungoma nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu wakarudi kutoka chakula cha mchana. Bwana niliyekuwa nikimngojea alitokea akichokonoa meno. Alinisikiliza, akacheka.

"Hiyo ni ya Trans-Nzoia bana. Wewe unapiga kura wapi? Enda usumbue wale ulichagua."

"Hao wamenichosha."

"Basi simama wewe!"

Alikuwa ananitania tu. Ole wangu, utani huo nikaenda nao nyumbani.

Nikajitangaza kuwania kiti cha mwakilishi wadi. Sikuwa na sera nyingine, daraja ndilo lililokuwa hotuba yangu. Niliwaleta watu kijitoni, nikawaonyesha lile pengo la katikati, wakalipiga picha kwa simu. Picha zikasambaa hadi watu nisiowajua wakawa wananiita Mama Daraja. Nami nikavimba kichwa. Majirani waliponiambia mvua inakaribia, tulaze ile miti, niliwakatalia katakata.

"Mkiliziba hilo pengo, nitawaonyesha watu nini? Ngojeni kura ipite."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mboga. Aliniuliza swali moja tu.

"Na mimi nitapitia wapi, mwanangu?"

"Bodaboda atakuzungusha kwa daraja kubwa, mama. Ni miezi michache tu."

"Bodaboda inanivunja mgongo."

"Vumilia, mama. Ni kwa faida yetu sote."

Akarudia mboga zake. Ningekuwa na akili ningeketi hapo nimuulize zaidi. Nikachukua mkoba nikaenda mkutanoni.

Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa juu ya pikapu, na kipaza sauti mkononi, nasimulia habari za hilo hilo daraja. Ilikuwa imenyesha, bodaboda akakwama kwenye matope, hakufika. Mama mkwe hakutaka kukosa dawa zake. Alivaa gambuti, akafunga kadi ya kliniki ndani ya nailoni, akashuka kijitoni. Wanawake waliokuwa wakifua walimpigia kelele asivuke. Alifika kwenye pengo, akainua mguu, akaanguka.

Kijito chetu hakina kina, hakuzama. Alivunjika nyonga. Wanawake hao ndio waliombeba mpaka barabarani. Mimi nilifika wodini Lugulu nikiwa bado nimevaa fulana yenye picha yangu mwenyewe, natabasamu kifuani. Nilijifunika leso, lakini alikuwa ameshaiona.

Kura nilishindwa vibaya. Sisemi niliibiwa. Aliyeshinda hajawahi kukanyaga kijitoni, na siku hizi sina mdomo wa kumlaumu.

Jumamosi moja baada ya hapo nilitoa ile sufuria ya matanga, nikaloweka mahindi na maharagwe, kisha nikapita nyumba kwa nyumba, uso chini. Wengine walinisuta: "Si ulisema ni kazi ya serikali?" Lakini kesho yake walikuja alfajiri, kamba na mashoka mabegani. Miti ilikuwa ile ile, imekauka vizuri kabisa.

Mama mkwe hatembei tena. Dirisha lake linatazama nyuma ya jikoni, kwa hiyo aliiona miti ikiondoka, mmoja mmoja. Nilipompelekea sahani yake aliniuliza:

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

Nilitamani kumdanganya, niseme alasiri. Najuta mengi, lakini swali hilo ndilo linalonirudia hata nikiwa sokoni.

"Saa nne, mama."

"Saa nne ya asubuhi?"

"Ndiyo."

Alikula vijiko viwili. Kisha akaniomba nimgeuze, alale akitazama ukuta.